Mutuku Aliyezaliwa Mchana

Nilikuwa nimekaa uani kwangu, nje kidogo ya mji wa Wote, ungo wa ndengu mapajani, nikichambua vijiwe visije vikamvunja mtu jino. Mjukuu wangu akarudi kutoka shuleni amenuna. Hakuniamkia. Aliutupa mkoba mlangoni, akaja kukaa karibu nami, akaanza kuchambua bila kuambiwa. Na mtoto akianza kusaidia kazi bila kuambiwa, jueni ana neno.

"Susu," akasema, "mimi nilizaliwa saa ngapi?"

Saa saba mchana, nikamwambia. Ilikuwa Jumapili, jua kali mpaka kuku wamejazana chini ya ghala, midomo wazi.

"Sasa mbona naitwa Mutuku?"

Kumbe siku hiyo mwalimu alikuwa amewafundisha kuhusu majina. Aliwaambia kwamba kwa Kikamba usiku ni *utuku*, kwa hiyo Mutuku ni mvulana aliyezaliwa usiku. Mtoto mmoja wa dawati la nyuma, wale wasiopitwa na jambo, akamgeukia mjukuu wangu: wewe ulizaliwa usiku wa saa ngapi? Naye kwa ukweli wake akajibu kwamba alizaliwa mchana. Darasa zima likaangua kicheko, na likacheka mpaka kengele.

Nilimjibu siku ile ile, ila jibu lenyewe lilikuwa refu. Ndengu ziliisha, tukahamia jikoni kwenye muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, na bado nilikuwa nasema. Nimeona niliandike, maana Kitui na Makueni wamejaa watoto wanaobeba majina ambayo hawajui yaliingiaje nyumbani mwao. Kaeni vizuri.

Jina la Kikamba, mwanzoni kabisa, lilikuwa habari fupi. Mtoto amezaliwa, majirani wanataka kujua ilikuwaje, jina linawajibu. Amezaliwa usiku? Mvulana ni Mutuku, msichana ni Nduku. Asubuhi? Asubuhi kwetu ni *kioko*, na mvulana huitwa Kioko. Mama alikuwa safarini? Safari ni *kyalo*, basi huyo ni Kyalo. Amekawia tumboni mpaka wakunga wameanza kunong'onezana? Kukaa sana ni *kutinda*: mvulana Mutinda, msichana Ndinda. Sikilizeni hapo mlivyopata kanuni bure: Mutuku na Nduku, Mutinda na Ndinda. Mvulana anaanza na *mu*, na msichana akija ile *t* inalainika inakuwa *nd*. Mkishaisikia mara mbili hamtaisahau.

Mvua nayo ni *mbua*. Mvulana Wambua, msichana Mumbua. Mtoto wa Mombasa au wa Kisumu anaweza kuona hilo ni jina la kawaida tu. Sisi wa huku tunajua. Ukambani tuna misimu miwili ya mvua, wa Machi hadi Mei na wa Oktoba hadi Desemba, na mkulima anautegemea zaidi huo wa mwisho wa mwaka. Ule wa Machi humdanganya mara nyingi. Mtu akimwita mwanawe Wambua, msidhani anatoa taarifa ya hali ya hewa. Anapiga vigelegele.

Kinyume chake ni Wayua. Njaa kuu, ile ya ukame, huitwa *yua*, na msichana aliyezaliwa wakati huo ndiye Wayua. Wazee wetu hawakuhesabu miaka kwa tarakimu pekee. Waliipa njaa majina, kisha wakahesabu kwa hizo njaa. Ile ya miaka ya 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali, haikubakiza kijiji. Ya mwaka 1961 ni njaa ya *ndeke*, yaani ndege, maana chakula kiliangushwa kutoka angani. Ya mwaka 1984 iliitwa *Nikwa ngwete*, "ninakufa nikiwa nacho", kwani watu walikuwa na pesa mkononi na mahindi hayapo sokoni. Ukikutana na Wayua mzee, muulize kwa adabu ni yua ipi. Atakujibu mara moja, na hapo utakuwa umejua umri wake bila kumuuliza umri.

Wakati wa vita? Vita ni *kau*, na mvulana ni Makau. Mwaka 2011, mwezi wa Septemba, Mkamba mmoja mwenye jina hilo, Patrick Makau, alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 3 na sekunde 38, akavunja rekodi ya dunia. Watangazaji wa dunia nzima walikuwa wanalitamka jina la vita bila kujua.

Sasa niwaambie yale majina yanayonifanya ninyamaze kidogo kabla ya kuyasema.

Kurudi kwa Kikamba ni *kusyoka*. Nyumba ikifiwa na mtu, halafu akazaliwa mtoto, watu waliweza kusema kwamba yule aliyeondoka amerudi. Mvulana akaitwa Musyoka, msichana Kasyoka. Mnamjua Stephen Kalonzo Musyoka, aliyezaliwa Tseikuru, Kitui, mwaka 1953, na akawa makamu wa rais wa Kenya kuanzia 2008 hadi 2013. Mnalisikia jina lake redioni kila uchaguzi. Kumbe ndani ya jina hilo kuna kilio cha nyumba fulani ya zamani, na machozi yaliyofutwa.

Na kuna Mbiti. Mbiti ni fisi. Mama aliyekuwa akizaa watoto wanakufa, alipopata mwingine alimpa jina la mnyama: fisi, nyoka, mbwa, hata kuku. Jina zuri lingemvutia mtoto balaa. Jina baya lingefanya mauti impite, ione hapa hakuna cha kuchukua. Kwa hiyo msimcheke mtu anayeitwa Fisi. Huyo ni mtoto aliyefichwa ndani ya jina, kama vile mnavyoficha mandazi ndani ya karatasi ya gazeti. Mtu mmoja wa Mulango, karibu na Kitui mjini, alizaliwa mwaka 1931 na jina hilo: John Mbiti. Akawa kasisi na profesa, akaandika kitabu mashuhuri kuhusu dini na falsafa za Waafrika, kilichotoka mwaka 1969 na kinachosomwa vyuoni mpaka leo. Uzeeni alilitafsiri Agano Jipya kutoka Kigiriki moja kwa moja hadi Kikamba. Fisi wetu huyo alifika mbali.

Yapo pia majina ya matumaini: Musili ni hakimu, Mutongoi ni kiongozi, Mwende na Mwendwa ni mpendwa. Nyiva Mwendwa wa Kitui ndiye mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika baraza la mawaziri la Kenya, mwaka 1995. Lakini hayo ya matumaini nayapita haraka, maana kila kabila duniani lina majina ya kumtakia mtoto mema. Ya usiku, ya mvua na ya fisi ndiyo yenye utamu.

"Susu," mjukuu akanikatiza, "bado hujanijibu."

Kweli, sikuwa nimemjibu. Basi tuje kwenye fundo lenyewe.

Jina halikutolewa siku ya kuzaliwa. Lilitolewa siku ya tatu, na siku ya nne baba akamvika mtoto kidani shingoni. Kabla ya hapo mtoto alihesabiwa kuwa bado wa pepo za wahenga, hajawa wetu sawasawa. Na walipokaa kumpa jina, hawakuanza kwa kuuliza amezaliwa usiku au mchana. Waliuliza kwanza: ni wa ngapi? Mvulana wa kwanza lazima awe babu yake mzaa baba. Msichana wa kwanza awe nyanya yake mzaa baba. Wanaofuata, mmoja wa kiume na mmoja wa kike, ni wa upande wa mama. Hao wanne majina yao yalikuwa yakiwangoja kabla hawajatungwa mimba. Baada ya hao ndipo wazazi walipopata nafasi ya kuangalia kama nje kunanyesha.

Mmeona? Mjukuu wangu ni mtoto wa kwanza wa mwanangu wa kwanza. Angezaliwa usiku, mchana, wakati wa mvua au ndani ya matatu ya kwenda Emali, angeitwa Mutuku tu, kwa sababu mume wangu ni Mutuku.

Sasa hapo kuna kisa cha adabu, na hiki nakijua kwa sababu nimekiishi. Mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hata leo mimi nikilazimika kuliandika kwenye fomu, mkono unasita. Lakini mtoto wako wa kwanza ndiye anayebeba jina hilo hilo! Utamwitaje aje ale? Nyumba nyingine zilitafuta jina la pembeni lenye kueleza sifa ya babu, likapewa mtoto, ili mama akiita aite bila kuvunja mwiko. Mimi nilipoolewa kutoka Kitui kuja huku Makueni, watu walianza kuniita ng'a Kioko, mama wa Kioko, hata kabla sijashika mimba, kwani baba mkwe ndiye Kioko. Mwanangu alipozaliwa kila mtu alimwita Kioko isipokuwa mimi. Nilimwita "Mzee" tangu akiwa anatambaa. Mkaza mwanangu naye hamwiti huyu mdogo Mutuku, humwita "Babu". Na mimi, kwa kuwa ana jina la mume wangu, namwita "mume wangu", naye huchukia sana hasa wenzake wakiwepo.

Nikachukua kijiti cha kuni, nikamchorea chini mavumbini. Babu wa mume wangu: Mutuku wa Kioko. Mwanawe: Kioko wa Mutuku. Mume wangu: Mutuku wa Kioko. Mwanangu: Kioko wa Mutuku. Na wewe: Mutuku wa Kioko. Majina mawili yanapokezana kama watoto wawili kwenye bembea. Huyu akipanda yule anashuka.

Akauangalia ule mchoro mavumbini kwa muda mrefu. Kisha akauliza swali ambalo hata mtu mzima hajaniuliza: "Sasa jina letu la nyumba ni lipi?"

Jibu la kweli, wajukuu zangu, ni kwamba hatukuwa nalo. Mkamba hakuwa na jina la ukoo la kufuatana mtu na mwanawe na mjukuu bila kubadilika. Alikuwa na jina lake, jina la baba yake, na *mbai* yake, yaani ukoo mkubwa: Anzauni, Atangwa, Aombe, Aethanga, Akitondo na nyinginezo. Mbai ndiyo iliyokuambia nani ni ndugu yako na nani huwezi kumwoa. Lakini mbai haikuandikwa nyuma ya jina. Ilikaa kichwani.

Walioitaka karatasi ni wengine. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza ikaanza kutekelezwa. Kila mwanaume alipewa kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, mwajiri wake na mshahara wake, ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni kwa kamba. Kidani cha baba siku ya nne kilikukaribisha kwa watu. Hiki cha serikali kilikufunga kwa mwajiri. Karani wa kipande hakuwa na muda wa kuuliza habari za usiku na mvua. Aliuliza: jina? Mutuku. Baba? Kioko. Haya, pita. Jina la baba likakaa pale mwishoni, na kwa macho ya serikali likawa ndilo jina la ukoo. Wamisheni nao wakaongeza jina la ubatizo mbele. Ndivyo tulivyopata majina matatu matatu kwenye kitambulisho.

Karani pia alituibia herufi. Kikamba kina *ĩ* na *ũ* zenye kofia ya kiwimbi, ambazo sauti yake si *i* wala *u* ya Kiswahili. Mashine ya taipu haikuwa nazo. Jina likapigwa bila kofia, na watoto wakaanza kulitamka kama lilivyoandikwa.

Sasa nataka niwatoe Ukambani kidogo niwapeleke mbali, Japani, kwa sababu ndiko nilikoanza kulielewa hili la majina. Msishangae kikongwe wa Wote kuijua Japani. Mimi ni mzaliwa wa Kitui, na kule Tiva, tangu miaka ya 1980, wataalamu wa Kijapani walifanya kazi na taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya kuotesha miti inayostahimili ukame. Baadaye wakajishughulisha sana na mukau, ule mti wetu wa mbao nzuri ambao mbegu yake imefungwa ndani ya kokwa gumu kama jiwe, huwezi kuiotesha bila kulipasua kwa uangalifu. Mukau, nasema, mti. Msiuchanganye na Makau wa vita. Ndugu yangu mmoja alifanya kazi kwenye kitalu cha miche. Alikuwa akirudi jioni na visa vya Wajapani, na kisa alichokipenda zaidi ni kwamba wageni wale waliyasikia majina yetu kama ya kwao.

Na ni kweli, yanafanana kwa sauti. Karibu kila silabi ya Kijapani huishia kwa irabu, kama yetu. Huku Kioko ni mwanaume mwenye ndevu. Kule Kyoko ni jina la msichana. Huku Muli ni jina la heshima kabisa. Kule hawana *l*, wana *r*, kwa hiyo Bwana Muli akijitambulisha anasikika *muri*, na muri kwa Kijapani ni "haiwezekani". Hebu fikirini mtu anaingia ofisini Tokyo, anainama kwa adabu, anasema: mimi ni Haiwezekani. Sisi nasi ni kinyume chao: tuna *l*, *r* hatuna. Maria akawa Malia, na Nakamura wa watu, akifika kwa susu yangu, angekuwa Nakamula.

Sauti ni mchezo tu. Kilichonigusa ni historia. Chukueni jina Tanaka. Ni moja ya majina ya ukoo yaliyoenea sana Japani. Wanaolibeba wanazidi milioni moja. *Ta* ni shamba la mpunga, *naka* ni katikati. Tanaka, basi, ni yule anayekaa katikati ya mashamba ya mpunga. Yamamoto ni wa chini ya mlima. Majina haya yanamweleza mtu kwa mahali alipojenga, kama sisi tulivyomweleza kwa saa aliyozaliwa.

Lakini zamani mkulima wa Kijapani hakuruhusiwa kujitangaza kwa jina la ukoo. Hiyo ilikuwa haki ya wapiganaji wa upanga na wakubwa. Mwaka 1870 serikali mpya ya mfalme Meiji iliwaruhusu watu wote, na wengi hawakujali. Jina la ukoo la kazi gani? Mwaka 1875 ikawa amri: kila mtu awe nalo. Mnadhani kwa nini? Mwaka 1873 serikali hiyo hiyo ilikuwa imeanza kuwaandikisha vijana jeshini, na kodi nayo ilitaka kuandikwa. Huwezi kumpata kijana wa kumpeleka jeshini kama kijijini kuna vijana kumi wa jina moja wasio na la pili. Karani wa Tokyo na karani wa kipande wangekutana wangeelewana mara moja, tena bila mkalimani. Huo ndio uamuzi wangu mimi: jina la kwanza la mtu hutungwa na waliompenda, jina la mwisho hutakiwa na wanaomhesabu.

Ila kuna tofauti moja kubwa, na ndiyo inayoeleza kwa nini majina yameenea yalivyoenea.

Kule jina hushuka moja kwa moja. Tanaka huzaa akina Tanaka, nao huzaa akina Tanaka. Mume na mke sheria inawataka wawe na jina moja la ukoo, na karibu mara zote ni mke anayeacha lake. Kwa hiyo majina madogo humezwa na makubwa. Kubwa kuliko yote ni Satō. Mwaka 2024 profesa mmoja wa Chuo Kikuu cha Tohoku, Hiroshi Yoshida, alipiga hesabu kwamba sheria isipobadilika, ikifika mwaka 2531 kila Mjapani ataitwa Satō. Mjukuu wangu alipolisikia hilo aliduwaa. "Mwalimu ataitaje rejista?" akauliza. Nikamwambia huyo mwalimu atakuwa Satō pia, ajijue mwenyewe.

Kwetu jina haliteremki, linaruka. Linamruka mwana linatua kwa mjukuu. Na likiruka halitui mahali pamoja. Mzee Mutuku mwenye wana wanne, kila mmoja akizaa mvulana wa kwanza, kila mmoja anamwita Mutuku. Mmoja amekuwa wanne ndani ya vizazi viwili, wote wa boma moja, na Krismasi wakikusanyika ukiita "Mutuku!" wanaitika wanne na mzee mwenyewe wa tano. Ongezeni kwamba nyakati za kuzaliwa si nyingi: usiku, asubuhi, mvua, njaa, safari. Watu wengi, majina machache, nayo yanazunguka hayatoki. Sensa ya mwaka 2019 ilituhesabu Wakamba 4,663,910 nchi nzima. Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653. Nendeni steji ya Kitui mjini siku ya soko, mwiteni Mutua kwa sauti. Makanga atageuka, dereva atageuka, na muuza maji naye.

Hao watatu hawana undugu wowote. Hapo ndipo watoto wa mjini hukosea, wakikutana na mwenye jina kama lao wanadhani wamepata binamu. Mutua na Mutua wanaweza kuwa wa mbai mbili zisizojuana tangu mwanzo, na Mutua na Wambua wakawa watoto wa tumbo moja. Ukitaka kujua undugu, uliza mbai.

Siku hizi mambo yanabadilika. Wako walioligandisha jina, likawa la ukoo kama la Mjapani. Marehemu Mutula Kilonzo alikuwa seneta wa kwanza wa Makueni, akafariki mwaka 2013. Mwanawe, Mutula Kilonzo Junior, alimrithi kwenye useneta, na tangu 2022 ndiye gavana wetu. Hapo jina halikuruka mtu. Baba na mwana wanalo lile lile. Vijana wengi wa Nairobi wanafanya hivyo, watoto wote wanaitwa kwa jina moja la mwisho, kwa kuwa pasipoti na fomu za shule zinapenda hivyo. Siwalaumu. Ila watakuwa kama yule Tanaka wa Tokyo, anayeishi ghorofa ya kumi na mbili, ambaye shamba la mpunga hulipita kwa treni.

Na kabla hamjadhani kwamba majina ya Kikamba ni ya kwetu tu nyumbani, kumbukeni hili. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisheni Mjerumani Johann Ludwig Krapf alisimama Kitui, kwa mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa misafara, akauona kwa mbali mlima wenye theluji. Wakamba waliuita Kiinyaa. Wengi husema ni kwa sababu ya *nyaa*, mbuni, maana mawe meusi na theluji nyeupe vinafanana na manyoya ya mbuni dume. Krapf aliliandika alivyoweza, Kenia. Mlima ukaipa nchi jina. Kwa hiyo kila mnapojaza fomu mahali palipoandikwa uraia, mnaandika Kikamba, kilichokosewa tahajia kidogo.

Muthokoi ukawa umeiva. Mume wangu aliingia kutoka kufunga mbuzi, akakuta mchoro wa majina mavumbini karibu na mlango, karibu aukanyage. Mjukuu akamshika mkono.

"Umau, wewe ulizaliwa usiku?"

"Mimi?" mzee akacheka. "Mimi nilizaliwa asubuhi, ng'ombe wakitoka zizini. Mama alisikia kengele zao."

Mtoto akanigeukia mimi, macho yamemtoka. Mutuku wawili, na hata mmoja hajazaliwa usiku! Yule babu wa mzee, Mutuku wa kipande, labda ndiye. Au naye alirithi tu kwa babu yake. Usiku wenyewe uko nyuma huko, kabla ya karani yeyote, na kulikuwa na mwanamke mmoja akihangaika gizani na majirani wakimwashia moto.

Ila nilimpa mjukuu wangu kitu kimoja cha kwenda kumjibu yule mtoto wa dawati la nyuma. Katika nyumba hii yuko mtu mmoja aliyezaliwa usiku wa manane kabisa. Nilikuwepo, na taa ya mafuta ilizimika mara mbili. Ni baba yake, Kioko.